Keria ya Chuma ya Kubebea Mbao Kwenye Pikapu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa mwenye pikapu anayetaka kujichomelea keria ya mbao ndefu, au anayempa fundi kazi hiyo na angependa kujua cha kumwambia. Vipimo vinahusu pikapu ya kawaida, ile ambayo kabini na bodi ya mizigo ni vitu viwili tofauti vilivyokalishwa juu ya chesisi moja. Pikapu ndogo ambazo bodi na kabini ni kitu kimoja zina mambo yake, na sikuzigusa hapa.

Kuna faida gani kujitengenezea?

Faida kubwa ni kwamba keria inafuata gari lako na mzigo wako. Za dukani nyingi zimetengenezwa zikubali magari ya kila aina, kwa hiyo zina viungo vya kurekebisha kila upande, na kila kiungo cha kurekebisha ni mahali pa kulegea. Ukitengeneza mwenyewe unachagua kimo, unaamua nguzo zikae wapi, na kikivunjika kitu unajua ulikichomelea vipi. Lakini kama hujawahi kuchomelea kitu kinachobeba uzito barabarani, pima, kata na panga mwenyewe, kisha mishono ya mwisho mwachie mwenye mkono uliozoea. Keria ikifunguka katikati ya safari, atakayeumia ni aliye nyuma yako.

Itabeba kilo ngapi?

Swali hili huulizwa kwanza, na karibu kila mara anayeuliza anafikiria nguvu ya chuma. Anza na gari. Tafuta kwenye kitabu chake, au kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, uzito wa juu unaoruhusiwa likiwa limepakia, kisha toa uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho chote ulichonacho: watu, vifaa, keria yenyewe na mzigo. Gari lenye nafasi ya kilo 1,000, likibeba watu watatu na keria ya kilo 60, limebaki na kilo 700 na kidogo.

Hizo 700 usizipandishe zote juu. Uzito ulio juu ya kabini unainua kitovu cha uzito cha gari zima, na kona uliyoizoea inakuwa kona nyingine. Mimi husanifu kwa kilo 200 hadi 250 juu ya keria, na kilicho kizito na kifupi kinalala chini kwenye bodi.

Kilo 200 ni mbao ngapi? Ubao wa milimita 50 kwa 100 wenye urefu wa mita 4 una ujazo wa mita za ujazo 0.02. Msonobari uliokauka una takriban kilo 500 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo ubao mmoja ni kama kilo 10, na kilo 200 ni mbao 20. Angalia neno "uliokauka". Mbao zilizotoka kupasuliwa juzi zinaweza kukaribia mara mbili ya uzito huo, na mbao ngumu ni nzito hata zikiwa kavu. Inua mmoja kwa mikono kabla ya kuamini hesabu.

Nitumie bomba la mraba la ukubwa gani?

Kwa nguzo na vyuma vya kukingama, bomba la mraba la milimita 50 lenye ukuta wa milimita 2 hadi 3. Kwa viegemeo vya mshazari, la milimita 40 au hata 30 linatosha.

Wengi hudhani ukuta mnene ndio nguvu. Linganisha haya mawili: bomba la 40 lenye ukuta wa 3, na la 50 lenye ukuta wa 2. La kwanza lina takriban kilo 3.3 kwa mita, la pili kilo 3. Ila katika kukataa kupinda, la pili linalishinda la kwanza kwa karibu asilimia 15. Chuma kilicho mbali na katikati ya bomba ndicho kinachofanya kazi, kwa hiyo kupanua bomba kunalipa kuliko kulinenepesha. Kasoro ya ukuta wa milimita 2 ni kwamba fimbo ya kuchomelea hulitoboa haraka mkono ukizubaa. Kama mkono wako bado mzito, chukua 50 kwa 3, beba kilo chache za ziada, na ulale usingizi.

Bomba la mviringo linafanya kazi vizuri pia, lakini kulikata mdomo ili likae sawasawa juu ya bomba jingine ni kazi ya ziada, na mwanya unaobaki hujazwa na mshono dhaifu. Chuma cha pembe kiache kwa vishikizo vidogo. Kikiwa nguzo, hujipinda kwa kujizungusha.

Keria nzima ya 50 kwa 2, yenye nguzo nne na vyuma vitatu vya kukingama, hula takriban mita 16 za bomba. Hapo ni kilo 48 kabla ya bamba za miguu na viegemeo.

Bomba lililopakwa zinki halitanipunguzia kazi ya rangi?

Litakupunguzia rangi na kukuongezea hatari. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, wakati chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500, kwa hiyo kabla chuma hakijayeyuka zinki imeshakuwa moshi mweupe. Ukiuvuta, saa chache baadaye unapata homa, baridi ya mwili na maumivu ya viungo. Kwa kawaida hupita baada ya siku moja au mbili, lakini si jambo la kujaribu. Mshono wenyewe nao hujaa vitundu. Ukilazimika kutumia bomba hilo, saga zinki yote sehemu ya kuchomelea, nje na kwenye mdomo wa ndani, chomelea uwanjani penye upepo, vaa kinga ya kupumulia inayofaa moshi wa metali, kisha rudishia rangi yenye zinki.

Keria huvunjikia wapi?

Miguuni. Mara chache sana utaona chuma cha juu kimepinda kwa uzito wa mbao. Utaona bamba la mguu limechanika, ukingo wa bodi umebonyea, au mshono wa nguzo umepasuka pembeni. Uzito unaobonyeza chini ni mpole. Wenye fujo ni ule unaosukuma mbele unapokanyaga breki na unaosukuma ubavuni kwenye kona.

Kanuni za ufungaji mizigo za Marekani na zile za Ulaya huhesabu kwamba mzigo usukumwe mbele kwa 0.8 ya uzito wake na ubavuni kwa 0.5. Kwa kilo 200, hiyo ni kilo 160 mbele na kilo 100 ubavuni. Sasa chukua nguzo zinazopanda sentimita 60 juu ya ukingo wa bodi. Kilo 160 zikigawanywa kwa nguzo nne ni 40 kila moja, na zikizidishwa kwa sentimita 60 za wenzo, mguu wa kila nguzo unataka kung'oka. Kama bolti za nyuma ziko sentimita 10 kutoka ukingo wa mbele wa bamba, zinavutwa juu kwa nguvu ya kama kilo 240. Kila mguu! Na chini yake kuna bati la bodi ambalo unene wake haupishani sana na milimita moja.

Dawa yake ni viegemeo vya mshazari. Weka bomba moja kutoka juu ya nguzo ya mbele likishuka kuelekea nyuma hadi kwenye ukingo, na jingine upande wa pili. Msukumo wa breki sasa unapita ndani ya bomba kwa urefu wake, na chuma kinapenda hivyo kuliko kupindwa. Kwa ubavuni huwezi kuweka mshazari mrefu kwa sababu utaziba bodi, kwa hiyo weka pembetatu za bamba la milimita 4 au 5, zenye pande za sentimita 15, kila kona ambapo nguzo inakutana na chuma cha kukingama. Keria yenye nguzo nene bila pembetatu hizo ni dhaifu kuliko yenye nguzo nyembamba iliyo nazo. Na ukiona picha ya keria safi isiyo na mshazari hata mmoja, jua ilipigwa gari likiwa limesimama.

Nifungie wapi kwenye bodi?

Kama bodi yako ina matundu ya mraba juu ya kingo zake, yale ya kuchomekea nguzo, anza na hayo: bomba linaloingia humo kwa kubana vizuri hukataa kuyumba kabla hata ya bolti. Lakini yasitegemewe peke yake. Ongeza bamba la mguu la milimita 6, upana wa sentimita 10 na urefu wa 20 au zaidi, na chini ya ukingo, upande wa ndani, weka bamba jingine la kupokea bolti. Bati la bodi libanwe katikati ya mabamba mawili. Ukitumia washa ndogo tu, bolti itatoboa bati kama kidole kwenye karatasi.

Bolti ziwe za milimita 12, daraja 8.8 (namba hiyo imechorwa kwenye kichwa chake), mbili hadi nne kwa kila mguu, na nati zenye nailoni ndani ili zisijifungue kwa mtetemo. Kati ya bamba na rangi ya gari weka mpira mwembamba na mgumu. Mpira mnene na laini unazidi kubonyea kadiri siku zinavyokwenda, na bolti iliyokazwa leo inakuwa imelegea mwezi ujao.

Njia iliyo imara kuliko zote ni kushusha nguzo hadi sakafu ya bodi na kuzifunga pale ambapo vyuma vya kukingama vya bodi vinapita chini, huku zikishikizwa pia kwenye ukingo. Unapoteza nafasi kidogo kwenye kona. Kabla ya kutoboa sakafu lala chini ya gari utazame: tangi la mafuta, mabomba ya mafuta na ya breki, na nyaya, vyote viko huko.

Je, nishikize ncha ya mbele kwenye paa la kabini?

Hapana. Ukibaki na jibu moja kutoka ukurasa huu, libaki hili.

Kabini na bodi zimekalishwa juu ya chesisi kila moja kwa mipira yake. Gurudumu moja likiingia shimoni chesisi inajisokota kidogo, kabini inaegemea upande huu na bodi upande ule. Tazama mwanya kati yao gari linapopanda ukingo kwa pembe, utauona ukipanuka na kufumba. Keria iliyofungwa kwa bolti pande zote mbili inalazimika kuzuia msokoto huo, na haiwezi. Kitapasuka kilicho dhaifu: paa la kabini, bati la bodi, au mshono wako.

Fremu yote ishikwe na bodi peke yake. Sehemu ya mbele ipite juu ya kabini ikielea, ikiwa imeachiwa nafasi ya sentimita 5 hadi 8 kutoka paa. Mzigo ukiwa juu nafasi hiyo itapungua, kwa hiyo sentimita 2 hazitoshi. Sehemu inayoelea isizidi mita moja kutoka nguzo za mbele. Kila uzito unaouweka kwenye ncha yake unazivuta nguzo za nyuma juu, na hapo ndipo bolti za nyuma zinapolipa gharama yake.

Vyuma vya kukingama viwe vingapi na kwa umbali gani?

Viwili hubeba, vitatu hubeba vizuri. Mbao nyembamba zikiegemea mahali pawili tu hudunda katikati, na mdundo huo hulegeza mikanda. Chuma cha nyuma kikae karibu na mlango wa nyuma kadiri inavyowezekana. Mimi hukifanya cha kufunguka, kwa pini mbili zenye vizuizi, ili siku ya kupakia kabati au friji kisinizuie.

Kila mwisho wa chuma cha kukingama simamisha kigingi cha sentimita 10 au 15 ili mbao zisiteleze nje.

Nianze kujenga kwa mpangilio gani?

Anza na pande mbili, kushoto na kulia. Zilaze chini sambamba, upande wa pili ukipimwa juu ya wa kwanza, ili zifanane hata kama vipimo vyako vina kosa. Funga bamba za miguu kwenye gari kwa bolti kwanza, kisha simamisha pande juu yake na kuunganisha kwa vyuma vya kukingama kwa nukta ndogo za mshono tu. Pima ulalo wote wawili kutoka kona hadi kona. Ukitofautiana kwa zaidi ya milimita 3 au 4, sukuma na kubana hadi ulingane. Pimamaji hutumika tu kama gari lenyewe limesimama sawa, la sivyo pima kutoka ukingo wa bodi.

Nukta zikishika, fungua bolti, shusha keria nzima na umalizie mishono ukiwa chini. Ruka kutoka kona hadi kona. Ukimaliza kona moja yote kwa mara moja, joto litavuta fremu na haitarudi kwenye matundu yake.

Mashine gani, na fimbo gani?

Mashine ya kawaida ya fimbo inatosha. Kwa ukuta wa milimita 2 hadi 3, fimbo za E6013 za milimita 2.5, kati ya ampea 60 na 90, ukianza chini na kupandisha. Jaribu kwanza kwenye vipande vya bomba hilohilo, kisha kivunje kipande cha majaribio kwa nyundo. Kikiachia kwenye mshono na kuacha chuma kikiwa laini, mshono ulikalia juu bila kuingia. Mashine ya waya hurahisisha bomba jembamba, ila ni rahisi pia kupata mshono mzuri wa macho usioshika kitu.

Kwaruza chuma hadi king'ae, ziba mianya kwa kukata upya badala ya kujaza, na usisage mshono hadi uwe sawa na bomba kwa ajili ya urembo. Unaosaga ndio ulioshika.

Naweza kuchomelea keria ikiwa juu ya gari?

Nukta chache, ndiyo. Tenganisha kwanza waya hasi wa betri, kwa sababu mkondo wa mashine ukipita kwenye vifaa vya elektroniki vya gari unaweza kuviua. Klempu ya waya wa kurudishia mkondo iume palepale unapochomelea, kamwe isiume chesisi upande wa pili. Funika vioo na rangi kwa blanketi zito lenye unyevu: cheche huchimba kioo na hazitoki, na chembe za grenda zikijibandika kwenye rangi huanza kutoa kutu baada ya mvua. Weka kizima moto mkononi, sio dukani. Chesisi yenyewe usiichomelee kitu.

Rangi gani, na kutu itaanzia wapi?

Itaanzia ndani. Ziba midomo yote ya mabomba kwa bamba, kisha toboa tundu la milimita 6 au 8 sehemu ya chini kabisa ya kila nguzo ili maji yatoke, maana yataingia tu. Nje: ondoa ganda la mishono na matone, futa mafuta, paka praima ya kuzuia kutu na mikono miwili ya rangi. Ukipeleka keria ikachovywe kwenye zinki iliyoyeyuka, matundu hayo si hiari. Kinu kina joto la nyuzi 450 hivi, na bomba lililozibwa pande zote hulipuka humo.

Juu ya vyuma vya kukingama funga ukanda wa mbao au mpira. Mbao juu ya chuma chenye rangi huteleza, zikilowa ndiyo kabisa.

Mzigo nifunge vipi?

Mikanda yenye kifaa cha kukazia, angalau miwili, mitatu kwa mbao za mita 5 na zaidi. Soma kwenye lebo kikomo cha kufanyia kazi. Namba kubwa inayotangazwa mbele ni ya kukatikia, na ni mara mbili au tatu ya kikomo hicho. Mkanda unaopita juu hubonyeza tu, hivyo ongeza mmoja unaozunguka fungu na kulivuta kuelekea nyuma, ili breki isizitume mbao mbele ya kioo. Simama baada ya kilomita chache ukaze tena, mbao hujipanga upya safarini na mikanda hulegea.

Karatasi za plaiwudi zina tabia mbaya zaidi. Karatasi ya mita 1.22 kwa 2.44 ni bawa. Upepo ukiingia chini ya ukingo wa mbele huinyanyua, kwa hiyo ukingo huo ufungwe chini kwa mkanda wake peke yake, au karatasi zisafiri ndani ya bodi.

Mbao zikichomoza nyuma?

Sheria ya ulipo ndiyo itakayosema kiasi kinachoruhusiwa na alama inayotakiwa. Kitambaa chekundu mchana na taa usiku ni mambo yanayodaiwa sehemu nyingi. Hakikisha keria na mzigo havifichi taa za nyuma, taa ya breki ya juu, wala namba ya gari.

Nitaijaribuje kabla ya kuiamini?

Gari likiwa tupu, shika chuma cha juu ukitikise kwa nguvu zako zote mbele, nyuma na ubavuni. Gari zima linapaswa kuyumba kwenye springi zake huku keria ikiwa tuli juu ya bodi. Kisha pakia nusu ya uzito, zunguka taratibu kwenye njia mbovu, kanyaga breki mara kadhaa penye nafasi, urudi utazame miguu. Rangi iliyopasuka mstari mwembamba kando ya mshono ni ufa, hata kama chuma hakijaonyesha. Bolti kaza tena baada ya safari za mwanzo, na kila unapobadilisha oili pita nazo mara moja.

Inapiga mluzi nikienda kasi. Nifanyeje?

Kagua kwanza tundu lililoachwa wazi kwenye bomba, likiwa upande wa upepo hulia kama filimbi. Liko sawa? Basi ni upepo unaokatika juu ya chuma cha mbele. Zungushia kamba nene kwa mtindo wa skrubu, mizunguko ikiachana sentimita 10 hivi, na sauti itapungua sana. Mkanda mtupu unaovuma hutulia ukiusokota mara moja kabla ya kuukaza.